Siku 51 kutoka kichapo cha Michigan mpaka usiku wa Atlanta

Jumamosi 31 Agosti 2024, Columbus, Ohio

Leo msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo umefunguliwa, Ohio State, chuo cha hapa mjini, na Akron, na mi ndo siku yangu ya kwanza kazini pale uwanjani. Kibanda chetu kiko chini ya jukwaa, tunauza hotidogi, nachosi, soda na maji. Niko na dada mmoja wa Kisomali aliyekulia Eastleigh Nairobi, alinisikia naongea Kiswahili kwenye simu akageuka akasema kumbe wewe ni wetu, basi toka hapo tukawa ndugu.

Uwanja wenyewe umefunguliwa 1922, una umbo la kiatu cha farasi, wenyeji wanauita Kiatu tu. Unaingiza watu zaidi ya laki moja. Laki moja kwa mechi ya chuo! Mi nimetoka Tanga, nimezoea Mkwakwani, sikuwahi kufikiria wanafunzi wa chuo wanaweza kujaziwa watu hivyo.

Mechi sikuiona ila niliisikia. Dada amenifundisha kusikiliza, maana yeye ni msimu wake wa tatu kibandani. Kelele ikianza chini ikawa inapanda inapanda ujue kuna mtu wetu anakimbia na mpira, ikilipuka kwa mpigo mmoja hiyo ni tachidauni, yaani mpira umeingizwa mpaka mwisho wa uwanja, na ukisikia mngurumo wa chini kama watu wananung'unika msibani, refa katupa kitambaa cha njano, kuna kosa. Leo zimelipuka nyingi sana, 52 kwa 6. Kuna kijana anaitwa Jeremiah Smith, ndo kwanza ametoka sekondari huko Florida, kafunga mbili mechi yake ya kwanza, kila mteja aliyekuja kununua maji alikuwa anamtaja yeye.

Jumamosi 12 Oktoba

Mechi ya ugenini, Oregon. Sina shifti kwahiyo nimeangalia kwa kinyozi, Cleveland Avenue, nikiwa na jirani yangu, mzee mmoja wa Fizi, Kongo, na mwanae wa miaka 16. Mzee alikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, dogo kazaliwa humo humo kambini, sa hivi anachezea timu ya sekondari yake hapa mjini, anacheza pembeni ya ukuta wa ulinzi, kazi yake ni kumfukuza kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Dogo ndo kanielewesha huu mchezo, mi nilikuwa nauza hotidogi tu bila kujua kinachoendelea juu. Yaani ni hivi, una mara nne za kusogea yadi kumi, ambayo ni kama mita tisa. Ukifika unapewa nne nyingine, usipofika mpira ni wa wenzako. Basi, mengine yote yanatokana na hapo. Ukiingia nao mpaka mwisho wa uwanja ni pointi sita na kiki ya nyongeza, ukikwama karibu unaweza kupiga kiki ipite katikati ya nguzo upate tatu. Nilivyoelewa hilo la yadi kumi nikaanza kuona kumbe ni mchezo wa kugombea ardhi, na kila hatua ina gharama yake.

Tumefungwa 32 kwa 31. Pointi moja. Kwotabeki wetu Will Howard kakimbia na mpira mwishoni, akajiangusha chini ili zibaki sekunde mtu wa kiki apige, anaamka saa imekwisha. Kinyozi alizima tivii bila kusema kitu, dogo akabaki anaangalia kioo cheusi.

Jumamosi 26 Oktoba

Nebraska, 21 kwa 17, tumeshinda lakini kibandani watu walikuwa wakali, hakuna aliyekuwa anasema asante.

Jumamosi 2 Novemba

Penn State ugenini, 20 kwa 13. Will Howard kwao ni huko Pennsylvania, na Penn State ndo timu aliyokuwa anaipenda utotoni, wao hawakumtaka, akaenda kucheza Kansas State ndo baadaye akaja kwetu. Leo kawafunga mbele ya watu zaidi ya laki moja na elfu kumi. Nimefurahi kwa ajili yake kama vile ni mdogo wangu.

Jumamosi 23 Novemba

Indiana wamekuja hawajafungwa hata mechi moja msimu mzima, wameondoka na 38 kwa 15. Caleb Downs kapokea mpira wa kiki akakimbia nao yadi 79 mpaka ndani, hiyo kelele ilitembea kwenye zege juu ya vichwa vyetu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, chupa za ketchapu zikawa zinacheza mezani. Dada akasema sikia, huyo haguswi. Na kweli hakuguswa.

Jumatano 27 Novemba

Wiki hii mji umebadilika, Jumamosi tunacheza na watani wetu Michigan. Pale chuoni kila herufi M kwenye mabango na majengo imepigwa alama ya X kwa utepe mwekundu, na ukisema Michigan mbele ya watu wazima wanakukatisha, wao wanasema Ile Timu ya Kaskazini. Hawa wamekutana mara ya kwanza 1897! Mtanzania akitaka kuelewa aichukue Simba na Yanga, afu aichanganye na ugomvi wa mikoa miwili jirani, afu aifanye iwe mara moja tu kwa mwaka, yaani ukifungwa unakula siku 365 bila dawa. Mchezaji wa Ohio State akiwafunga Michigan anapewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali. Wakubwa wa timu hii, Jack Sawyer, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, JT Tuimoloau, Denzel Burke, wamekaa hapa miaka mitatu na hawana hata kimoja. 2021 walipigwa, 2022 wakapigwa, 2023 wakapigwa. Wangeweza kwenda zao ligi ya kulipwa mwaka huu wakaanza kula mamilioni, wakaamua kurudi chuoni kwa ajili ya hili.

Na hela si kidogo upande huu pia, maana toka 2021 wanafunzi wameruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na mkurugenzi wa michezo wa chuo kashasema hadharani kikosi hiki kimegharimu kama dola milioni 20. Kwahiyo watu hawana uvumilivu. Michigan wenyewe mwaka huu ni wabovu, wameshinda sita wamefungwa tano. Kila mtu anasema tutawapiga hata pointi ishirini. Sipendi mtu akisema hivyo kabla ya mechi ya watani.

Jumamosi 30 Novemba

Nimerudi nyumbani saa nne usiku na bado sijavua koti.

Mechi ilianza saa sita mchana, baridi kali, chokoleti ya moto tumeuza mpaka maji yakaisha kwenye mtungi. Mwanzoni kelele zilikuwa za kawaida. Afu nikaona mi na dada wote tumenyamaza tunasikiliza, kwasababu ule mlipuko hauji. Mapumziko 10 kwa 10. Wateja waliokuja walikuwa wanahesabu hela vibaya, mmoja kaacha chenji ya dola kumi na mbili akaondoka, nikamwita hakusikia. Kipindi cha pili Michigan wakawa wanasukuma katikati, wanasukuma tu, hawana pasi za maana, lakini wanakula muda. Mpiga kiki wetu Jayden Fielding kakosa mbili leo. Ya kukosa kelele yake ni tofauti na zote, inapanda kidogo halafu inakatika, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni.

Zikiwa zimebaki sekunde 45 Michigan wakapiga kiki ya yadi 21, 13 kwa 10. Sijawahi kusikia watu laki moja wakinyamaza. Nimesikia friji ya soda inanguruma. Nimefanya pale miezi mitatu, sikujua kama ile friji ina sauti.

Halafu ikaja kelele nyingine, mbaya, ya kuzomea na mayowe pamoja. Michigan walipeleka bendera yao katikati ya uwanja waichomeke pale kwenye ile alama yetu. Wachezaji wetu wakarudi, ngumi, Sawyer kainyakua ile bendera, polisi wakapuliza pilipili. Watu waliokuwa wanapita kibandani walikuwa wanakohoa, sijui kama ni baridi au ni ile dawa. Mzee mmoja wa Kimarekani, mvi tupu, kasimama mbele yetu akaomba maji, akafungua chupa, hakunywa, akasimama tu pale akiwa ameishika. Dada akamwambia baba pole. Akasema asante, akaondoka.

Mara nne mfululizo sasa. Kocha Ryan Day kawafunga hao mara moja tu, 2019. Huko nje watu wanataka afukuzwe kesho asubuhi.

Jumapili 8 Desemba

Mwaka huu ndo wa kwanza mtoano wa kumpata bingwa wa nchi kuwa na timu 12, zamani zilikuwa nne tu, kwa utaratibu wa zamani msimu wetu ungekuwa umeshazikwa. Leo wamepanga, sisi ni namba nane, tunacheza na Tennessee, hapa hapa kwetu, tarehe 21. Tukishinda tunakutana na Oregon, wale wale wa pointi moja.

Dogo alikuja kugonga mlango kuniambia. Nikamuuliza wewe unaonaje, akasema anko, ukishapigwa vile mbele ya watu wako unabaki na vitu viwili tu, ama mnagombana wenyewe kwa wenyewe ama mnakaa kikao. Inasemekana wale wachezaji walikaa kikao kirefu na makocha, wakaambiana ukweli, wengine kwa sauti ya juu.

Jumamosi 21 Desemba

Saa mbili usiku, nyuzi chini ya sifuri, pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa jiko. Nilipofika nikashtuka, rangi ya chungwa kila mahali! Watu wa Tennessee wamenunua tiketi za watu wetu waliokata tamaa, maelfu kwa maelfu, wanaimba mtaani High Street kama kwao. Dada alichukia kweli. Akasema watu wetu wameuza siti zao, hawa watoto watacheza nyumbani kama wageni.

Nilikuwa namimina chokoleti ya kwanza pale mlipuko wa kwanza ulipokuja. Nikadhani ni wa Tennessee maana sikuamini, nikachungulia, dada akaweka kidole hewani kama anavyofanya akisikiliza, akasema hapana hiyo ni yetu. Wa pili. Wa tatu. Robo ya kwanza 21 kwa 0! Sasa ikawa kila mlipuko ukija foleni yote inaruka, mteja mmoja wa chungwa akabaki peke yake amesimama wima katikati ya watu wanaokumbatiana, tukampa hotidogi yake kwa heshima zote.

42 kwa 17. Howard karusha mpira wote unaingia mikononi mwa watu. Msimamizi wetu, ambaye hajawahi kuturuhusu kutoka kabla ya kufunga hesabu, zikiwa zimebaki dakika tano akatuambia haya pandeni mkaangalie. Basi nikapanda ngazi, ndo mara yangu ya kwanza kuuona uwanja ukiwa na mechi. Taa, nyasi bandia, helmeti za fedha zimebandikwa stika ndogo za majani ya mti wa buckeye, kila stika mtu ameipata kwa kazi aliyofanya uwanjani. Mvuke unapanda kutoka vichwani mwa wachezaji. Na wale mashabiki wetu wachache waliobaki na siti zao wanaimba wimbo wa chuo wameshikana mabega. Nilitokwa na machozi, kwa baridi ile yakaganda shavuni.

Jumatano 1 Januari 2025

Nyumbani kwa mzee, pilau la mwaka mpya, robo fainali, mechi ya Rose Bowl kule Pasadena, California. Oregon hawajafungwa mechi 13, namba moja nchi nzima. Sisi hata pilau halijapakuliwa Jeremiah Smith kashafunga. Kabla ya mapumziko tulikuwa tunaongoza 34 kwa 0, dogo kaacha kushangilia akawa anacheka tu. Mwisho 41 kwa 21. Lile deni la pointi moja limelipwa na riba.

Ijumaa 10 Januari

Sitalala leo. Nusu fainali, mechi ya Cotton Bowl, uwanja wa Arlington, Texas, dhidi ya Texas wenyewe, nyumbani kwao kabisa unaweza kusema, na theluji imeanguka mpaka huko kusini.

Mechi ilikuwa ngumu, hamna aliyekuwa anacheza vizuri sana, 14 kwa 14 mpaka robo ya mwisho, Quinshon Judkins wetu akasukuma ikawa 21 kwa 14. Texas wakashuka nao mpaka yadi moja. Yadi moja! Mara nne za kuingia mtu anaweza hata kuanguka tu akafunga. Mzee akasimama akaenda dirishani, akasema hajui kuangalia. Wakajaribu kuzunguka pembeni, wetu wakawakamata wakarudi nyuma yadi saba. Ikafika mara ya nne, ya mwisho. Quinn Ewers kwotabeki wao karudi nyuma kutafuta mtu wa kumrushia, na Sawyer huyo kaja kutoka pembeni, kampiga, mpira umechomoka, na mpira wenyewe ukaanguka mikononi kwa Sawyer, akaanza kukimbia.

Yadi 83. Mtu mzito kama yule, anakimbia uwanja mzima, na sisi sebuleni tunakimbia naye, dogo alikuwa juu ya kochi anapiga kelele kimbia kimbia kimbia. Huyu Sawyer ni mtoto wa hapa hapa, Pickerington, ni kitongoji cha Columbus, dakika chache kwa gari toka tulipo. Na huyo Ewers aliyempiga waliwahi kulala chumba kimoja hapa Ohio State mwaka 2021 kabla hajahamia Texas. Na ndo huyo huyo Sawyer aliyekuwa anagombania bendera tarehe 30 Novemba na uso umemvimba kwa uchungu. Dogo anacheza nafasi hiyo hiyo, nafikiri usiku huu kuna kitu kimeingia ndani yake na hakitatoka.

28 kwa 14. Fainali Atlanta tarehe 20.

Mzee akageuka toka dirishani akasema, Atlanta, si ndiko dada yangu aliko.

Jumamosi 18 Januari, barabarani

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri na gari ya mzee, watatu, termosi mbili za chai, sambusa za dada wa kibandani. Tiketi za uwanjani hatuna, zimepita dola elfu moja moja, haiwezekani. Lakini mzee hajaonana na dada yake toka 2016, walitenganishwa pale Nyarugusu, yeye kapelekwa Georgia, mzee Ohio, nchi moja lakini kila mwaka kulikuwa na sababu, mara shifti, mara gari bovu. Sasa mpira umetoa sababu ya kwenda.

Columbus mpaka Atlanta ni zaidi ya kilomita 900, chukulia Dar mpaka Mbeya na uongeze kidogo. Haiwei 71 mpaka Cincinnati, ukavuka mto Ohio, halafu 75 moja kwa moja kusini. Kentucky uzio na farasi, farasi, farasi. Magari mengi yana bendera nyekundu na kijivu dirishani, yakitupita yanapiga honi, dogo anatoa mikono anafanya O na H, wao wanajibu I na O. Mzee naye ikafika mahali akaanza kufanya, anaachia usukani mkono mmoja.

Mpakani na Tennessee ni milima, na ukungu, polepole. Knoxville tukasimama sheli kuweka mafuta. Huo ndo mji wa wale wa chungwa wa tarehe 21. Jamaa mmoja mwenye kofia ya chungwa kaangalia jezi ya dogo, kaja moja kwa moja mpaka kwenye pampu, nikajiandaa kwa maneno. Akasema tafadhali shindeni, ili niseme tulifungwa na bingwa. Akampa dogo mkono.

Tumefika Clarkston saa kumi na mbili jioni. Hiki ni kimji kidogo nje ya Atlanta, wakimbizi wa dunia nzima wamepangwa hapa, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waafghani, duka moja unasikia lugha sita. Dada wa mzee alikuwa amesimama nje kwenye baridi, sijui toka saa ngapi. Mzee alizima gari lakini hakushuka mara moja, alikaa ameshika usukani. Halafu akashuka. Mi na dogo tulibaki ndani ya gari kidogo, tukawaachia.

Jumapili 19 Januari

Ibada, kisha bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mchana tumeenda mjini, mtaa wa Auburn, kwenye kaburi la Martin Luther King na mkewe, liko katikati ya maji. Kesho ndo sikukuu yake kitaifa. Mashabiki wa timu zote mbili wamejaa pale kimya, kofia mkononi. Halafu tukazunguka nje ya uwanja wa Mercedes-Benz, paa lake kama maua ya chuma, dogo kaweka kiganja chake ukutani akakiacha hapo kidogo.

Jumatatu 20 Januari

Saa moja na nusu usiku. Uwanja uko kama kilomita ishirini na sisi tuko sebuleni Clarkston, watu kama ishirini na tano, watoto wamekaa sakafuni, wengi hawajawahi kuangalia huu mchezo hata dakika moja. Shangazi wa dogo ndo mwenyekiti. Kauliza, mbona wanakaa kikao kila wakati? Mzee akajibu, nami nikamwachia maana alijibu vizuri kuliko dogo, akasema dada, ni kama shamba letu na la jirani kule Fizi, unapewa jembe mara nne usogeze mpaka, ukishindwa jembe linaenda kwa jirani. Basi sebule nzima ikaelewa.

Notre Dame, wapinzani wetu wa fainali, wakaanza na jembe, wakalima dakika karibu kumi, majaribio 18 mfululizo, wakafunga. Shangazi akasema hawa wenye helmeti za dhahabu ni wachoyo. Lakini sisi tulivyopata tukajibu, tukajibu tena, tena, Howard pasi zake 13 za kwanza zote zimefika, zote! Ikawa 31 kwa 7 na watu wakaanza kuagana, kesho kazi.

Nikawaambia jamani msiondoke. Mi nilikuwa kibandani tarehe 30 Novemba.

31 kwa 15. 31 kwa 23. Zimebaki dakika nne, na Notre Dame wamesimama wote kwenye mstari wanaruka. Tumbo langu likawa lile la siku ile, nikajikuta nasikiliza kama kuna friji inanguruma. Mara ya tatu, yadi 11 zinahitajika. Tukikwama hapa wanapata mpira. Wengine wote wangekimbia na mpira kuua muda, ndo busara ilivyo. Ryan Day yeye karuhusu warushe. Howard karusha mbali, juu, na Jeremiah Smith, mtoto wa miaka 19, kauchukua hewani, yadi 56. Sebule ililipuka, na nilijua ile kelele, niliijua toka chini ya zege, sema safari hii nilikuwa ndani yake.

Kisha ikabaki kiki moja ya kumaliza kazi, na aliyeingia kupiga ni Fielding. Yule wa mbili za tarehe 30. Nikamwambia shangazi huyu kijana muombee. Akafumba macho kweli, akaomba kwa Kibembe. Ikapita katikati. Sekunde 26, 34 kwa 23.

Dogo hakupiga kelele. Alikwenda akamkumbatia baba yake kiunoni kama mtoto mdogo, na mzee akamshika kichwa huku anamwangalia dada yake kwa juu. Nje Clarkston kimya, upepo wa baridi, hamna honi hata moja, huku tumekaa sakafuni tunakula ndizi za kukaanga saa sita usiku na watoto wanagombania kuwa Smith.

Jumanne 21 Januari

Tumeondoka mapema sana kwasababu theluji imetangazwa Georgia na huku kusini wakisikia theluji wanafunga kila kitu. Shangazi na mzee wamepanga Pasaka, safari hii yeye ndo aje Ohio. Dogo amelala mpaka Kentucky. Tulipovuka mto Ohio jua limeshazama, kwenye daraja kuna gari lilipita lina bendera nyekundu imechanika nusu kwa upepo, mzee akafanya O peke yake, akaamsha dogo amalizie.

Jumapili 26 Januari

Leo wamefanya sherehe ya ubingwa pale Kiatu. Mi na dada hatukuwa na shifti, tumeingia kwa mlango wa watu, tumekaa kwenye siti. Bendi ya watu zaidi ya mia mbili ilipiga, wachezaji wakaja mmoja mmoja kwenye jukwaa, Sawyer alipotajwa ilipanda ile kelele inayoanzia chini, dada akaweka kidole hewani kwa mazoea.

Wakati wa kutoka tulishuka ngazi tukapita kibandani. Kimefungwa, bati limeshushwa mpaka chini, ndani friji inanguruma. Dada akaweka mkono kwenye bati.

"Novemba tunaenda kwao," akasema. "Ile bado."